Njia Inayozunguka Mlango wa Lusenge

Butembo, Mususa, tarehe 5 Machi 2023
Asubuhi ukungu mzito, kisha jua dogo lisilokausha nguo.

Mwanangu Nadège,

Nakusalimu, wewe na wote mnaoishi pamoja huko Beu. Sisi tuko wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mawese uliyonitumia kwa lori la Abdias yamefika. Kidumu kimoja kilikuwa kimelegea kifuniko, na Abdias ameapa kwa Bikira Maria kwamba hakukigusa. Naambiwa maharage ya mke wake yalinukia vizuri sana wiki ile. Nimemsamehe, maana nani mwingine atatubebea barua zetu katikati ya makabichi bila kulalamika?

Unauliza kwa nini sipendi simu. Kwa simu mtu hujibu kabla hajafikiri, halafu mtandao unakatika pale pale ulipotaka kusema neno la maana. Wewe andika tu, nitasoma.

Godelive, jirani yangu aliyekimbia kutoka Luofu, sasa tunashona pamoja. Anatia vifungo vizuri kuliko mimi, ingawa sijamwambia. Tuna kazi ya nguo za kwaya, rangi ya parachichi lililoiva kupita kiasi. Padri ndiye aliyechagua kitambaa, kwa hiyo tumenyamaza.

Nimesikia umepata kazi kwenye ofisi ya komuni, katika kundi linaloandaa mpango wa kujenga upya vijiji vilivyoachwa wakati wa vita. Marehemu baba yako angefurahi. Alikuwa akisema, huyu mtoto kwa maswali yake atakuwa mwalimu au hakimu. Ule vizuri, na uvae viatu vinavyofungwa. Niandikie habari za Beni. Za kule kijijini kwetu Kisalala si lazima.

Nimeandika kidogo kidogo, kati ya suruali moja na nyingine. Nalala saa tatu na nusu.

Shangazi yako,
Anne-Marie


Beni, Beu, tarehe 19 Machi 2023

Shangazi mpendwa,

Mimi si mtu wa kuandika hali ya hewa, lakini ujue tu kwamba hapa ni joto, na nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Tuko salama. Mtoto wa mwenye nyumba, Bénie, ameanza kutembea na ameanza pia kuficha viatu vyangu, vile vinavyofungwa.

Shangazi, ulisema habari za Kisalala si lazima. Lakini kazi yangu ndiyo huko, na nisipoandika kazi yangu nitaandika nini? Nitajaribu kuwa mfupi.

Watu wamerudi, si wote, lakini zaidi ya nusu. Mkubwa wetu wa kazi ni injinia Kabongo, ametumwa kutoka Kasai. Anasema sombe ya kwao, yale majani ya muhogo, ni tamu kuliko yetu, ila hajawahi kubakiza kitu kwenye sahani. Yeye hapendi kupanga barabara akiwa ofisini. Anataka wanakijiji wenyewe wachore kijiji chao chini, kwenye uwanja wa shule, halafu ndipo sisi tunanakili. Basi wamama walileta majivu ya jikoni, wakachora njia kwa majivu. Maganda ya kakao yakawa nyumba, majani ya migomba yakawa mashamba, kijiwe cheupe kikawa kanisa. Ilikuwa nzuri, Shangazi. Watu walicheka na kubishana juu ya nani alikuwa jirani ya nani.

Injinia akaja na karatasi yake, akazunguka, akasimama mahali pamoja. Kila kitu kilikuwa sawa na alivyokiona kwa macho, isipokuwa pale. Akasema, “Bamama, hapa munaweka nyumba, na njia inaizunguka. Lakini mimi natoka pale sasa hivi. Haiko nyumba. Iko majani tu.”

Mama Kavugho, yule muuza mihogo, ndiye aliyemjibu.

“Chef, weye ulipita wapi?”

“Nilipita katikati.”

“Ndiyo maana haukuiona.”

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mama Kavugho akaliweka ganda la kakao vizuri, akasema, “Hapa ni kwa Lusenge. Sisi hatupitake ndani ya nyumba ya mutu.”

Ni kweli, nimekwenda kutazama. Kijiji kizima wanatembea wakikunja pale, hata wenye mizigo kichwani, hata pikipiki. Njia imeandikwa na miguu yao kuzunguka ua ambao haupo.

Nilitaka tu ujue hilo. Sikuulizi kitu.

Nadège wako


Butembo, Mususa, Jumapili ya Matawi, tarehe 2 Aprili 2023
Mvua tangu alfajiri. Maandamano ya matawi yamefanyika ndani ya kanisa, tukizunguka viti.

Mwanangu Nadège,

Nimepata barua yako. Mshukuru mwenye nyumba kwa kukutunza, na mwambie mtoto kama huyo afungiwe kengele ndogo mguuni.

Nguo za kwaya zimekwisha. Wakiwa wamesimama wote pamoja wanafanana na shamba la maparachichi, lakini waliimba vizuri. Bei ya viazi imepanda. Godelive amepata barua kutoka kwa dada yake wa Luofu, akaisoma mara nyingi, kisha akatia vifungo kwenye upande usiofaa wa mashati matatu. Nilifumua mwenyewe alipokwenda sokoni.

Kuhusu yale mengine uliyoandika: barabara ni za serikali. Uwanja ule wa nyumba una mwenyewe.

Msalimu Mama Kavugho. Mwambie nimepokea neno lake.

Nalala saa nne.

Shangazi yako,
Anne-Marie


Beni, Beu, tarehe 23 Aprili 2023

Shangazi mpendwa,

Pasaka njema iliyopita. Hapa tulichinja jogoo mmoja aliyekuwa mzee kuliko mimi, tukamtafuna siku mbili. Baba mdogo Mathe anakusalimia. Shamba lake la kakao limeanza kuzaa tena.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Mara ya kwanza niliandika kwamba sikuulizi kitu, na hiyo haikuwa kweli kabisa. Sasa nauliza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unigombeze.

Mpango wa komuni una mambo mengi, lakini kwa Kisalala watu walichagua jambo moja la kwanza: maji. Wale waliorudi upande wa juu, nyuma ya kwenu, wanateka kule bondeni kwenye kijito, pembeni ya msitu. Wewe unajua pale. Wamama hawaendi mmoja mmoja. Wanangojana wawe kundi, mmoja anateka, wengine wanatazama miti wasije wenye bunduki. Agar, mke wa mwalimu, aliniambia, “Maji yenyewe haiko mbali. Roho ndiyo inachoka.”

Bomba litafuata barabara. Barabara ikipita moja kwa moja, bomba linafika juu. Ikizunguka, lazima ishuke hadi kwenye yale mawe makubwa, na fedha zilizotolewa zitafikisha bomba kanisani tu. Wa juu watabaki na kijito. Injinia amepima na kupima tena, anatafuta namna nyingine. Hakuna.

Moja kwa moja maana yake ni kupita katikati ya uwanja wako, Shangazi. Pale mlangoni kwa Lusenge.

Sikuandikii kama mtu wa komuni. Mimi na Lusenge tulikula sahani moja miaka yote uliyonilea. Nami pia, nikipita pale, nakunja.

Nadège


Butembo, Mususa, tarehe 4 Juni 2023
Asubuhi baridi, hakuna mvua. Upepo umeangusha mabati mawili ya jirani.

Nadège,

Barua yako ya Aprili imenifikia wiki iliyopita. Lori la Abdias liliharibika gia, likalala kwa fundi mwezi mzima, na barua ikalala chini ya kiti. Ndiyo maana nilinyamaza. Baada ya hapo nilinyamaza kwa kupenda.

Tuko wazima.

Godelive alikuwa Beni kwa mazishi, wakati wa Pasaka. Alirudi na habari ambayo amenieleza juzi tu. Anasema ndugu yangu Mathe alisimama katika kikao cha komuni, juma lile la Pasaka, akasema ardhi ile ni ya baba yetu, yeye ndiye mwanamume aliyebaki, na barabara ipite. Na watu wote walisikia, na wewe ulikuwa umekaa pale. Halafu ukaja nyumbani, ukaniandikia habari za jogoo mzee na za wamama wa kijito, ukaniuliza kana kwamba nina la kujibu. “Baba mdogo Mathe anakusalimia.” Ndiyo salamu hiyo?

Nitasema neno moja ambalo sijasema na mtu, ili usiseme kwamba shangazi ana kichwa kigumu bure.

Siku ile tulipokimbia mimi nilikuwa mbele na wewe na mzigo wa unga. Lusenge alisema, “Mama, tangulieni, nafunga mlango.” Nilimsikia akifunga. Ile kufuli ilikuwa na sauti yake. Ndipo tukatawanyika.

Mathe amenijia miaka yote hii akitaka tufanye kama desturi: tukate shina la mgomba, tulilaze kaburini mahali pa mtu ambaye mwili wake haukuonekana, tulie, tuoge, tumalize. Mimi nakataa. Si kwa sababu nimerukwa na akili. Naijua hesabu ya miaka. Lakini mlango alifunga yeye, na ufunguo anao yeye. Nyumba iliyofungwa na mwenyewe mimi naifungua kwa ruhusa ya nani? Moto ulikula mbao na mabati. Haukula neno alilosema.

Sasa unajua. Usinijibu upesi.

Anne-Marie

Sikuandika saa ya kulala kwa sababu sijalala.


Beni, Beu, tarehe 11 Juni 2023

Shangazi yangu,

Umesema nisikujibu upesi, nimengoja siku chache, na imenishinda.

Godelive amekuambia kweli, ila aliondoka kwenye uzio, alikokuwa akisikiliza, kabla kikao hakijaisha. Baba mdogo Mathe alipokaa, mkuu wa komuni alisema basi, imekwisha, tuendelee. Nikasimama. Nikasema kwamba uwanja ule una mwanamke aliyepewa na baba yake aliporudi nyumbani akiwa mjane, aliulima, alijenga, na yuko hai huko Butembo, na hajaulizwa.

Baba mdogo akanitazama. “Na weye unamusemea nani?”

Nikasema, “Sisemei mutu. Ninaomba tungoje aseme mwenyewe.”

Mkuu wa komuni hakupenda. Wa juu wengine pia hawakupenda, na nilielewa. Lakini Mama Kavugho alisema wamengoja maji tangu waliporudi, wanaweza kungoja barua. Injinia Kabongo akachukua kalamu, na mahali pale kwenye ramani akachora nukta nukta badala ya mstari. Akasema mstari kamili utachorwa jibu likifika. Mpaka leo ni nukta. Wananiambia mkataba wangu unaisha mwezi wa nane, na kwamba mtu anayechelewesha mpango hafai kuufuata. Labda wana haki.

Sikukuambia ya baba mdogo kwa sababu nilijua ukisikia kwamba yeye amekubali, wewe utakataa palepale, na hilo lingekuwa jibu kwake, si jibu lako. Kama nilikosea, nigombeze.

Lolote utakalosema ndilo litakalokwenda kwenye ramani. Ukisema hapana, nitawaambia hapana, kwa mdomo wangu, na nitashuka nao kijitoni kuteka.

Ile ya ufunguo niliisoma nikatoka nje.

Nadège


Butembo, Mususa, tarehe 2 Julai 2023

Shangazi,

Leo naandika hali ya hewa, maana niko mezani kwako na naona inatakiwa: ukungu, na baridi ambayo watu wa Beni hawajaumbiwa.

Hukujibu, nikapanda basi kuja kukuona. Nilipofika nilikuta mlango umefungwa. Godelive alinifungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ulipanda lori la Abdias asubuhi ile ile, ukielekea Kisalala! Tumepishana njiani, labda pale Kabasha ambapo nililala dirishani mdomo wazi. Nilitaka kugeuka saa ile ile. Godelive akanizuia, akasema, “Alijua utakuja. Alisema usimufuate. Iko maneno anaenda kusema yeye mwenyewe, bila mutu wa kumushika mukono.”

Basi nimekaa. Nalisha kuku. Natia vifungo, na Godelive anafumua vifungo vyangu akidhani sioni.

Nilitafuta blanketi kabatini. Niliona suruali mpya zimepangwa, ambazo hakuna aliyezivaa. Ni za mtu mrefu kama Lusenge, kila moja ina kiuno kikubwa kidogo kuliko ile ya chini yake. Nimezikunja tena vile vile.

Namtuma Abdias na barua hii. Kula vizuri. Umevaa viatu vinavyofungwa?

Nadège


Kisalala, tarehe 6 Julai 2023
Asubuhi anga safi. Umande mwingi. Nilikuwa nimesahau jinsi umande wa hapa unavyonuka kakao.

Mwanangu Nadège,

Nakusalimu ukiwa kwenye kiti changu. Yule kuku mwekundu usimwamini, anataga kwa jirani. Hapa nimelala kwa Mama Kavugho, amenipa kitanda, yeye amelala kwenye mkeka na kunilaumu kwamba ninakoroma. Goti limenyamaza. Viatu nimevifunga.

Suruali umeona. Mtu akifikia miaka ile ananenepa kidogo, hata baba yake alinenepa. Hatutalizungumza.

Nitakuambia jana ilivyokuwa.

Nilipanda njia ya juu na injinia wako nyuma yangu, na wamama, na Mathe. Hakuna aliyeniambia ni wapi. Sikuhitaji. Miguu yangu ilikunja yenyewe pale ua ulipoanzia, nikazunguka. Nikatazama nyuma. Injinia Kabongo, mtu wa Kasai ambaye hakumjua mtoto wangu, naye amekunja. Akaona ninamtazama, akasema kwa aibu, “Mama, na mimi nimezoea.”

Nikaingia peke yangu. Majani yananifika kiunoni. Jiwe la mlangoni lipo, limepasuka kwa moto lakini lipo. Nikasimama mbele yake nikapiga hodi. Unaweza kucheka. Niliona haifai kuingia bila hodi. Nikangoja kwa muda ambao ungemtosha mtu kuvaa na kuja kufungua, na wale wote nyuma yangu wakangoja pia.

Nikiwa nimesimama nilifikiri jambo ambalo huko Mususa sikulifikiri kamwe. Nilifikiri: akija leo, atakuta nini? Atakuta majani, na njia inayolikwepa jiwe lake. Atasimama hapa nilipo mimi, atapiga hodi kama mimi, na hakuna mtu wa kumwambia mama yake amehamia wapi. Watu wanapita mbali kwa heshima. Miaka yote hii tumemtunzia mahali ambapo hakuna wa kumjibu.

Ndipo nikatoka, nikawaambia. Nilisema kwa sauti, ili Mathe asikie yeye wa kwanza kwamba ni mimi ninayesema.

“Barabara ipite. Lakini bomba liwekwe hapa, kwenye jiwe la mlango. Siyo mbele, siyo nyuma. Bamama wa hii kijiji wakiwa hapa na madumu, hakuna mutu anaweza kupita bila kuulizwa anatoka wapi. Akifika, mutamwambia.”

Mama Kavugho akauliza, “Tumwambie nini?”

“Butembo, Mususa, nyuma ya kanisa. Aulize mama mushonaji Anne-Marie.”

Wakarudia. Nikawaambia warudie tena, kama katekisimu, hata Agar, hata wasichana wenye madumu. Injinia alitoa kalamu, akalaza ramani juu ya jiwe lenyewe na kuunganisha nukta zake zikawa mstari. Kwenye mlango akatia duara dogo la bluu. Aliniuliza kama ni pale. Nikasogeza kidole chake kidogo kushoto.

Mathe alikuwa amekuja na shina la mgomba, Nadège. Alilikata asubuhi, akalifunika majani, akidhani kwamba nimekuja kumaliza. Sikukasirika. Ni ndugu yangu, naye amezeeka akitafuta namna ya kunifariji. Nikamwambia mwili wa mgomba akawape ng'ombe. Kama anataka mgomba, alete chipukizi aupande pale maji ya bomba yatakapomwagika, utazaa haraka. Akatikisa kichwa, akasema, “Dada, weye hata desturi unaipangia barabara.” Lakini alikwenda akaleta chipukizi, akaupanda mwenyewe, na kabla ya kuushindilia udongo alifuta macho kwa mkono ule ule mchafu.

Injinia anasema atamwandikia mkuu wa komuni ujumbe wake mwenyewe juu ya mkataba wako. Nilimwambia aandike pia kwamba ulipata nafasi ya kumaliza kazi upesi, ukachagua kuuliza. Kama hawataki mtu wa namna hiyo, cherehani ya pili iko bure, na vifungo vyako vinaweza kufundishika.

Nitabaki hapa mpaka wafyeke. Jana jioni, nikirudi kwa Mama Kavugho, nilijaribu kupita katikati, moja kwa moja, kama barabara itakavyokuwa. Sikuweza, nikazunguka. Leo nimejaribu tena. Nimepita. Nilipofika kwenye jiwe nilisema “karibu,” sijui nilimwambia nani, nikaendelea kutembea.

Ukirudi, njoo na ile suruali ya juu kabisa. Mama Kavugho anasema ataiweka kwake, maana ni karibu zaidi na bomba.

Nimelala saa mbili usiku jana, kabla hata Mama Kavugho hajafunika moto. Leo nadhani itakuwa mapema zaidi.

Shangazi yako,
Anne-Marie